Mashine ya Dhahabu Juu ya Kabichi

Huwa tunaambiwa wanaobomoa majengo ya kale hawakamatiki. Hawa wawili walijileta wenyewe ofisi ya kata, Jumatatu, mimi nikiwa pale nangoja muhuri. Wamejaa vumbi, wanalalamika kwa mtendaji kwamba mama mmoja mkulima amewanyang'anya mashine ya kupimia dhahabu.

"Mlikuwa mnapima wapi?"

"Kwenye hekalu la zamani la Wahindi, kule mlimani. Mjerumani alifukia mali pale."

"Mjerumani akafukie kwa Wahindi?" Mtendaji akaweka kalamu chini.

Mama mwenyewe akaingia na kapu, mashine imelala juu ya kabichi. Wale wawili wakajikuta wanasema shikamoo.

"Marahaba. Wameng'oa ngazi zote za hekalu," akamwambia mtendaji. "Mimi ni Mkatoliki, lakini pale watu wanasali. Wajenge kwanza, ndipo wachukue dude lao."

"Mmesikia," akasema mtendaji, akagonga muhuri wangu kwa nguvu.

Jumamosi nilipanda kujionea. Ngazi zimerudi, na familia za Wahindi wenye maduka mjini zinazipanda na maua yao. Mama akawakabidhi wale jamaa mashine.

"Nalima hapa ubavuni tangu niolewe," akawaambia. "Mngeniuliza, ningewaambia chini ni mawe matupu."