Povu la Spesiyoza

Nilipokuwa mtoto pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, wakubwa walituonya kwamba mtu akianguka kifafa, usimguse. Povu lake likikupata, ugonjwa unahamia kwako, nao hungoja mwezi uandame ndipo ukuangushe. Sote tuliamini, Warundi kwa Wakongo.

Spesiyoza, msichana wa Kirundi aliyeishi na shangazi yake nyuma ya nyumba yetu, alianguka asubuhi moja penye bomba la maji. Wanawake walivuta madumu yao wakarudi nyuma. Shangazi yake mwenyewe alisimama mbali, mikono kichwani. Uso wa Spesiyoza ulikuwa umelalia tope, anakoroma. Mama yangu, mshonaji kutoka Bukavu kule Kongo, aliacha cherehani yake barazani, akamgeuza ubavu, akamfuta povu kwa kitenge alichovaa.

"Mama Neema, wacha," jirani mmoja alimwambia. "Utapeleka kwa batoto bako."

Mama alikaa na Spesiyoza topeni hadi akazinduka.

Baada ya hapo wateja walipungua, kisha wakakoma. Kanisani benchi letu lilibaki na nafasi. Mimi sikucheza tena. Nilikuwa namchunga Mama, nikimwona amejiinamia juu ya cherehani isiyo na kazi, nikingoja aanguke. Mwezi ulipoandama aliniita.

"Naona unaniangalia," alisema. "Mi niko nachoka tu, mwanangu."

Hakuanguka. Wateja, hata hivyo, hawakurudi upesi. Mama alikuwa akipanda minibasi na Spesiyoza hadi hospitali Lilongwe kufuata dawa, wanarudi jioni miguu imevimba, na siku nyingine wanarudi mikono mitupu kwa kuwa dawa zimekwisha. Dawa zilimtuliza Spesiyoza, ingawa hazikumponya. Mama alimfundisha kushona. Mpaka leo wako watu kambini wasiovaa nguo iliyopita mikononi mwa Spesiyoza.

Siku hizi naishi Area 36, mtaa wa Lilongwe, na Mama amezeeka kwangu. Juzi nilimuuliza kama yeye hakuyaamini yale maneno ya povu. Nilidhani atacheka.

"Niliamini kabisa," alisema. "Hata kwetu njo banasemaka vile. Lakini mutoto wa bantu angekufa pale chini."

Kumbe wiki zote zile alijihesabu mgonjwa tayari, na bado alitupikia, akasali, akaenda kumgongea Spesiyoza mlango. Nilikuwa nimemdhania jasiri asiyeogopa kitu. Alikuwa mwanamke mwenye hofu, tena amechoka, na alikwenda hivyo hivyo.