Mbwa Wangu Aliyempenda Ochieng

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mkono wangu wa kulia unaikumbuka kuliko kichwa changu. Lile kovu ulilokuwa ukilichezea ukiwa mdogo lilitoka siku hiyo. Nilikwambia niliumwa na mbwa, lakini sikukwambia kwa nini. Nakwambia leo kwa sababu ya simu yako ya Jumapili, uliponieleza kwamba umemkataza Mzee Wafula, mlinzi wenu hapo Milimani, kumpeleka mbwa wako asubuhi kukimbia kwenye nyasi za kando ya ziwa. Ulisema ni kwa ajili ya usalama. Kisha ukaongeza, kama mtu anayepita tu, kwamba siku hizi mbwa akisikia gari lako hata hainuki, lakini akisikia viatu vya Mzee Wafula anaruka. Hapo nikaitambua sauti yako. Iliwahi kuwa yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, nyumbani Nyakach, upande unaoteremka kutoka Katito kwenda ziwani. Boma letu lilikuwa na nyumba mbili: ya mama yangu, na ya mama mdogo, mke wa pili wa baba. Wewe ulikulia kwenye nyumba moja, kwa hiyo nikueleze taratibu. Katika boma la namna ile mtoto hujifunza kupima kabla hajajifunza kusoma. Samaki wao ni mkubwa kuliko wetu? Baba amekaa kwao mpaka chai ya pili? Wivu huo sisi Wajaluo tunauita nyiego, na mimi nilikuwa hodari wake.

Mjomba wangu wa Awasi aliniletea mtoto wa mbwa ndani ya kikapu. Nikamwita Mtaona. Kwetu si ajabu mbwa kubeba ujumbe kwa jirani katika jina lake, na mimi kila nilipomwita niligeuza uso kuelekea nyumba ya mama mdogo. Nilimlisha mwenyewe. Nilimtoa kupe mmoja mmoja kwa vidole hivi.

Ochieng alikuwa mtoto wa mama mdogo, rika langu, na ndiye aliyechunga ng'ombe wa baba kwenye uwanda wa ziwa. Siku moja Mtaona aliwafuata ng'ombe. Alirudi jioni ana matope hadi tumboni, akalala kama mtu aliyetoka arusini. Asubuhi nilipomwekea uji, aliuacha, akaenda kusimama mlangoni kwa Ochieng.

Mwanangu, sijui kama nimewahi kuumia vile.

Nilichukua kamba ya ng'ombe nikamfunga kwenye nguzo ya ghala. Watu walipouliza, nilisema ni kwa sababu ya viboko wa ziwani. Na kweli viboko wapo, ndiyo maana uongo wangu ulikaa vizuri.

"Mwachilie, dada," Ochieng aliniambia siku ya nne. "Anakonda."

"Kwani ni wako?"

"Si wangu. Lakini ona shingo yake."

Sikuona. Sikutaka kuona.

Siku ya tisa Ochieng alipita na ng'ombe akipiga mluzi. Mtaona aliruka, kamba ikamkaba. Nikamshika shingoni kwa nguvu, si kumsaidia, bali kumzuia asimtazame yule. Ndipo akaniuma.

Baba alikuja mbio na rungu. Siku zile mbwa aliyemuuma mtu anayemfuga hakupewa siku ya pili. Lakini Dani, yaani bibi yetu, mama yake baba, alikuwa akipukuchua mahindi karibu na hapo. Aliinuka, akapita kati yao, akachambua manyoya ya shingoni mwa Mtaona. Chini ya kamba kulikuwa na kidonda kibichi na nzi.

"Alikuuma ukimfanya nini?" aliniuliza.

Niliuficha mkono nyuma ya mgongo.

"Ulikuwa unamficha ili kiboko asimwone, au Ochieng?"

Mama mdogo alikuwa amesimama pale, na mama yangu pia. Sijawahi kutamani ardhi inimeze kama wakati ule.

Dani akamgeukia baba. "Mpeleke mtoto zahanati, adungwe sindano. Kesho kutwa aende ziwani na mbwa wake, na Ochieng awepo. Amfungue, kisha amwite. Akikataa kurudi, fanya utakalo. Akirudi, hilo rungu lirudishe ndani."

Basi tukaenda. Pale chini nyasi ni fupi, zimeliwa na ng'ombe, unaona mbali. Kushoto kuna mafunjo, yale majani marefu wanamojificha viboko; kulia akina mama walikuwa wameanika omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye nyavu. Nilifungua kamba kwa mkono mmoja, ule mwingine una bendeji.

Mtaona alisimama kidogo, kama asiyeamini. Kisha akaondoka. Yangeyange, wale ndege weupe, waliruka mbele yake. Alizunguka duara kubwa, akasimama ghafla, akazika pua kwenye nyasi kama anayesoma barua, akakimbia tena. Nilimtazama nikaona wivu mpya. Ochieng alikuwa ameiona furaha hii kila siku, na mimi nilikuwa nyumbani nikimlinda mbwa nisiyemjua.

Akapotelea upande wa mafunjo.

"Mwite," Ochieng alisema.

"Mwite wewe. Si anakupenda wewe?"

"Baba hajasema nimwite mimi."

"Mtaona!" nikapaza sauti. Hakuja. "Mtaona! Mtaona!"

"Tumeshaona, dada," Ochieng akasema. "Mwite kama unamtaka, si kama unatugombeza."

Nilichuchumaa. Nikamwita polepole, kama nilivyomwita alipokuwa wa kuingia kikapuni. Muda ukapita. Kisha mafunjo yakatikisika, akaja, ulimi nje, matope mpaka masikioni. Nitasema ukweli: alianza kwa Ochieng. Akamnusa goti, halafu akaja kwangu akailamba bendeji. Iliniuma hata hapo kwamba nilikuwa wa pili. Lakini alikuja. Na rungu lilirudi ndani.

Kwa hiyo, mwanangu, mruhusu Mzee Wafula aendelee, na wewe uende naye. Barabarani mshike mbwa kwa kamba, kwa sababu ya magari. Mkifika kwenye nyasi ambako mnaona mbali, mfungue. Mwite mara kwa mara, mpe kitu kitamu, kisha mwachie aende tena. Ukimwita wakati wa kufungwa tu, atajua sauti yako ndiyo mwisho wa raha. Msiende karibu na mafunjo, na omena za watu zisiguswe. Huo ndio usalama. Kumfungia mbwa ili asimpende mwingine ni jambo jingine, na wewe unalijua.

Pengine atamkimbilia Mzee Wafula kwanza. Utaumia kidogo. Vumilia, halafu mwambie mzee asante, maana Ochieng nilimwambia nikiwa nimechelewa miaka.

Mungu akujalie sauti inayofanya viumbe vitamani kurudi: mbwa wako leo, watoto wako kesho. Na mimi pia, siku nitakapozeeka mpaka nisahau njia, uniite hivyo hivyo, polepole, nami nitakuja.