Nilimwitikia kasuku kwa sauti isiyokuwa yangu

Wakuu, salamu kwenu nyote, hasa nyinyi mnaosoma huku bosi akidhani mnafanya kazi.

Naanza na onyo. Wanaonijua humu wanajua kwamba mimi nikisema kweli watu hutafuta kamera imefichwa wapi. Safari hii hakuna kamera. Shahidi wangu Suli yumo humu humu jukwaani. Suli, ukinikana nitawasimulia ulivyokimbia na kiatu kimoja.

Mimi nipo kidato cha tatu, skuli moja ya mjini, nyumbani Mlandege. Darasani nashika zile nafasi ambazo mwalimu anazisoma kwa sauti ya chini. Mungu hakuninyima lakini, alinipa kipaji kimoja: kuiga sauti za watu.

Mwaka huu nilijificha nyuma ya dirisha la ofisi, nikatoa sauti ya mwalimu mkuu: "Leo tunafunga mapema, nendeni majumbani." Kidato cha kwanza chote kikaondoka. Wengine walikuwa washafika Darajani wanakula urojo ndiyo wakarudishwa.

Fimbo za siku ile zina uzi wao humu jukwaani.

Sasa, mwalimu wetu wa Baiolojia, Mwalimu Zuhura, akatupeleka trip kwenye bustani ya wanyama nje ya mji. Jina silitaji. Wenyewe watu wema, sitaki wakose wageni kwa ajili yangu.

Siku ilikuwa ya manyunyu. Miti imefungamana juu, chini kiza, asubuhi kweupe unadhani magharibi imeingia. Sauti pekee ni maji yanadondoka kwenye mabati ya vibanda.

Chatu tulimkuta kajikunja kama mpira wa kumwagilia maji, kafumba mdomo, kafumbua macho. Kobe mmoja mkubwa alinitazama kama mzee anayejua sijaswali. Kima punju, hao hawafungiwi, walikaa juu ya tawi, safu nzima, kimya, wanatuangalia sisi.

Suli akaninong'oneza: "Yakhe, hapa nani kaja kumtazama mwenzake?"

Kulikuwa na kibanda cha giza cha komba. Unaona macho tu, mawili mawili, hayapepesi. Halafu mmoja akalia. Aliyewahi kumsikia komba ananielewa: kile ni kilio cha mtoto mchanga aliyesahauliwa nje. Wasichana wakashikana mikono. Mimi nilicheka, ila nilicheka nikiwa karibu na mlango.

Aliyetutembeza ni mlezi wa wanyama, kaka mmoja anaitwa Vuai, mtu wa Mkokotoni. Mpole, anaongea na fungo kama anaongea na jirani. Lakini sauti yake sasa! Ina mkwaruzo kama msasa kwenye ubao, na mwisho wa kila neno anauvuta pole pole kama anavuta nyavu.

Tulipofika kwa chatu nilikuwa nshaiiba. Tulipofika kwa kobe, Suli alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa tai ya skuli.

Ndipo tukasikia mtu anaitwa.

"Vuai! We Vuaaai!"

Sauti ya bibi. Bibi mtu mzima kabisa, wa kanga mbili, aliyekaa barazani na hataki kuita mara ya tatu.

Wakuu, hapa nisimame kidogo. Sisi tumelelewa na sheria mbili zinazogombana. Ya kwanza: mkubwa akikuita unaitika kwanza, kujua anataka nini baadaye. Ya pili: sauti usiyomuona mwenyewe, usiiitikie ng'o, hujui nani anakuita.

Basi darasa zima likafungua mdomo na darasa zima likaufunga. Nilimsikia Salma nyuma yangu anameza "labeka" yake.

Tukatazama huku na huku. Bibi hayupo. Njia nzima hamna mtu.

Vuai peke yake ndiye hakugeuka. Akatuonesha kwa kidevu kitundu kikubwa cha waya chini ya mwembe. Ndani kasuku wa kijivu, mkia mwekundu, manyoya ya kifuani kayanyofoa mwenyewe, ngozi inaonekana.

"Alikuwa wa bibi yangu," Vuai akasema. "Bi Mize. Kaishi naye chumba kimoja toka mimi mdogo. Alipofariki, huyu nikaja naye hapa."

Mwalimu Zuhura akamuuliza: "Anakuita wewe?"

"Mimi. Kutwa."

Wenzangu wakaanza. "Naam!" "Labeka bibi!" "Naam, nnakuja!" Kasuku kawageuzia mgongo.

"Mwitikieni mpaka mchoke," Vuai akasema. "Kila mgeni anamwitikia. Hashughuliki. Anamngoja mwenyewe."

"Na wewe mwenyewe humwitikii?" akauliza Salma.

Vuai akaweka chini ndoo yake ya maganda ya ndizi. Halafu akatueleza, kwa maneno machache, huku anakwaruza kutu kwenye waya kwa ukucha. Usiku aliokufa bibi yake, yeye hakuwepo. Majirani walimwambia msibani kwamba walisikia jina lake linaitwa ng'ambo ya ukuta, mara nyingi, kisha kimya. Kafika yeye kwa maziko tu.

"Sijui kama aliondoka ana radhi na mimi," akasema. "Huyu ndege ndiye aliyekuwepo. Lakini hasemi zaidi ya jina mpaka aitikiwe na mwenyewe. Na mimi nikitaka kuitika, hainitoki."

Akachukua ndoo yake akaenda zake kwa kima.

Mtu mwenye akili hapo angekwenda kula. Na wenye akili walikwenda, Mwalimu Zuhura alikuwa anagawa chapati na mbatata bandani.

Mimi nikamvuta Suli mkono.

Sikuwa na nia mbaya wakuu. Nilitaka kumuona Suli anaruka tu. Mtu anayecheka vile nyuma ya tai anastahili kushtuliwa.

Tukasimama mbele ya kitundu. Manyunyu yamesita. Kasuku akaita: "Vuai! We Vuaaai!"

Nikakohoa kidogo, nikaweka msasa kooni, nikavuta nyavu:

"Naaam, bibi."

Kasuku akanyamaza.

Akashuka kwenye kijiti. Akatembea juu ya waya kwa kucha, tik, tik, tik, mpaka usawa wa uso wangu. Akageuza kichwa, akaniwekea jicho moja. Jicho la manjano, lile duara jeusi la katikati likawa dogo, likawa kubwa, likawa dogo.

"Ushakula?"

Suli alicheka, lakini kicheko kilikatika katikati. Nikajibu kwa sauti ileile: "Nshakula, bibi."

Kimya kidogo, kama mtu anayekupima.

"Muongo."

Hapo ndipo Suli aliponiacha. Nilisikia kandambili moja inapiga pa, pa, pa, nyingine ilibaki kwenye tope. (Ndiyo, alikuja trip na kandambili. Yeye aliita viatu.)

Nilitaka kumfuata. Jambo lililonishika lilikuwa dogo sana: yule ndege alikuwa ananipisha. Anasema lake, ananyamaza kiasi cha mtu kujibu, anasema jingine. Nafasi ilikuwa imeachwa pale muda mrefu, na mimi nshaingia ndani yake na viatu vyangu.

"Mlango umefunga?"

"Nimefunga, bibi."

Halafu akakohoa. Si kikohozi cha ndege. Kikohozi cha kifua kilichojaa maji, kirefu, na mwisho wake ule mluzi wa mtu anayetafuta pumzi. Nikanusa dawa ya kuchua, wallahi, au akili yangu iliileta yenyewe.

Kisha akaita tena. Taratibu sasa, kama mtu anayeita gizani na hataki kuamsha nyumba.

"Vuai."

Sikuitikia. Nikarudi nyuma hatua, nikagonga mtu.

Vuai alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo yake. Sijui kasimama toka lini. Nilijikunja nikingoja kofi, na kofi lile ningelipokea kwa mikono miwili.

"Kaka Vuai, nisamehe, nilikuwa natania tu—"

"Nnajua." Mkwaruzo wa sauti yake ulikuwa umekwisha, alikuwa ananong'ona. "Endelea."

"Siwezi kaka. Mwitikie wewe, anakuita wewe."

Akafungua mdomo. Niliona koo lake linapanda na kushuka. Haikutoka hata pumzi. Akatikisa kichwa, akanishika bega.

"Nakuomba, mdogo wangu. Mimi hainitoki. Endelea."

Maishani sijawahi kuombwa niige mtu. Huwa naombwa niache. Nikafumba macho, nikaitoa ile sauti bila mzaha hata chembe.

"Naam, bibi."

Kasuku hakujibu mara moja. Kwanza kooni mwake ikatoka sauti ya ubao. Komeo linavutwa, ubao juu ya ubao, kraaa. Kisha mlango unalia kwenye bawaba zake, mrefu, mpaka mwisho. Kidomo kimefumba, wakuu. Mlango ulifunguka ndani ya ndege.

Halafu yule bibi akasema, na hiki sikukitarajia, akasema kwa furaha:

"Ushakuja? Ushakuja mwanangu. Kaa hapa. Usiwashe taa, macho yananiuma. Kaa tu."

Pumzi ikavutwa. Ikashushwa.

"Haya."

Basi. Akarudi kijitini, akaingiza kichwa kwenye bawa.

Nilipogeuka Vuai alikuwa kakaa juu ya ndoo aliyoigeuza, maganda ya ndizi yote chini. Akaniuliza, kana kwamba masikio yangu ni bora kuliko yake:

"Kasema nshakuja?"

"Kasema."

"Kwa hasira?"

"Hapana kaka. Kama mtu aliyefurahi."

Akaufunika uso. Nikakaa pembeni yake kwenye tope, sare ya skuli na yote, kwa sababu sikujua mtu afanye nini kingine.

"Mimi sikwenda," akasema. "Usiku ule nilikuwa Malindi ya mjini, bandarini, nashusha mzigo. Walinipigia simu kwamba anaumwa. Nikasema asubuhi nitakwenda. Asubuhi majirani wakavunja mlango."

"Kwa nini wakavunja?"

"Komeo lilikuwa limefungwa. Kwa ndani."

Wakuu, ule mlango nilikuwa nimetoka kuusikia ukifunguliwa, na juu yetu kima punju walikuwa washahama mti, wako kwenye mwembe, safu nzima, kimya.

Suli alikuwa kamwita Mwalimu Zuhura kwa kumwambia kwamba nimeshikwa na jini. Mwalimu akaja mbio na chapati mkononi. Tukamsimulia. Akasikiliza vizuri, kisha akatufafanulia: kasuku anahifadhi sauti lakini hahifadhi siku. Kikohozi cha juzi, mlango wa mwaka juzi, makaribisho ya utotoni mwa Vuai, vyote anavishona kitambaa kimoja. "Ndege hana kalenda," akasema.

Pengine ni hivyo. Mwalimu kasoma, mimi Baiolojia nina alama za kusikitisha.

Vuai akamjibu kwa adabu: "Sawa, mwalimu." Wala hakubisha.

Na kasuku, kama aliyekuwa akingoja mazungumzo ya watu wazima yaishe, akatoa kichwa bawani.

"Vuai! We Vuaaai!"

Mwalimu Zuhura akanitazama mimi. Suli akanitazama mimi, kutoka mbali. Mimi nikaangalia chini.

Vuai akasimama. Akashika waya kwa mikono miwili.

"Naam," akasema. Ilitoka imevunjika, mbovu, yangu ilikuwa nzuri zaidi. "Naam, bibi."

Kasuku akashuka kijitini. Tik, tik, tik.

"Ushakula?"

"Sijala, bibi. Toka asubuhi."

Kimya kidogo.

"Muongo."

Vuai akacheka. Alicheka huku machozi yanamtiririka, akashindwa kusimama, Mwalimu Zuhura akampa ile chapati yake.

Wakati wa kuondoka alinifuata mpaka kwenye gari. Nilidhani sasa ndiyo lile kofi.

"Ile sauti," akasema, "usiifanye tena. Aliyekwenda kukaa na bibi usiku ule, awe nani, namshukuru. Lakini sasa sauti yangu naitaka mwenyewe."

Nikamwambia haya.

Sasa wakuu, nikiri: mimi si mtu wa kutimiza ahadi siku nzima. Jioni ile ile niliingia msalani, nikafungua maji ya bomba ili nisisikike, nikajaribu. Mara moja tu, kuhakikisha bado ninayo.

Haikutoka.

Mwalimu mkuu ninaye. Imamu wa mtaani ninaye. Muuza samaki, Mwalimu Zuhura, Suli anapolia, wote wapo. Nikiweka msasa kooni na kuvuta ile nyavu, koo linapanda, linashuka, hewa tupu. Wiki ya ngapi hii. Hainitoki.

Funzo nililolipata ni dogo na nalitumia kila siku: nikiitwa nyumbani siku hizi naitika mara ya kwanza. Shangazi anadhani nina kesi ninaificha.

Waliosoma sana mnieleze habari ya komeo, nani alilifungua usiku ule na nani alilirudisha kwa ndani, na wale wa "chai hii" wanaodhani natunga nawakaribisha pia, viti vipo. Na kama kuna mtu alifiwa na mkubwa aliyekuwa anamwita na hakuwahi kuitika, aniandikie hapa chini. Sitatania. Suli, wewe njoo uchukue kandambili yako.