Watoto wa Kuazimana

Iko siku moja nnayoikumbuka, mwanangu, kuliko zile nilizofurahi. Tangu wakati ule nimelala katika miji mingi, Salalah, Dubai, Mombasa, Doha, kisha tena Maskati, na kila nnapofungua begi langu katika chumba kigeni, siku ile huikuta imeshatangulia kufika. Nakuhadithia wewe kwa sababu nimesikia umechaguliwa kuwa miongoni mwa watakaopita maskulini kuwapima walimu wa Kiingereza. Ni kazi ya heshima. Mimi nimeishia sekondari, sina la kukufundisha kuhusu namna ya kutunga mtihani. Nna kisa kimoja tu, nacho si kitamu.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimetoka Unguja na cheti changu, nakaa kwa ami yangu Darsait, hapa hapa Maskati, katika fleti iliyo juu ya duka la fundi cherehani. Skuli moja ya binafsi, si mbali na pale, ilinichukua niwe msaidizi wa walimu wa Kiingereza wa madarasa ya kati. Watoto wenyewe walikuwa katika umri ule ambao sauti inaanza kukatika na adabu inataka kuondoka nayo.

Walimu walikuwa wawili. Mmoja ni Mwalimu Hafidh, ambaye wazee wake walikuwa Tabora kabla ya kurejea Oman. Alikuwa mcheshi, mtanashati, kanzu yake ya dishdasha haina kunjo mpaka kengele ya mwisho. Nilimpenda, na wewe ungempenda. Wa pili ni Bi Zuwena, mtu mzima aliyesomesha Unguja kabla hajaja huku. Cheti chake cha ualimu kilikuwa cha zamani, karatasi imeshageuka rangi ya chai. Watoto walimwita Abla, kama wanavyowaita walimu wote wanawake hapa. Kila nilipopata nafasi nilikwenda kukaa nyuma ya darasa lake, nikatazama.

Darasani kwake palikuwa na sharti moja. Akimuuliza mtoto, watu wote wanangoja. Hapana kucheka, hapana kumnong'oneza mwenzako jawabu. Mwanzo nilidhani ni uzee, kwamba amesahau kuendelea. Baadaye nikaona kuwa wale watoto wazito wa masomo kwake wanafungua midomo, na kwengine hawafungui.

Basi mwaka ule mwenye skuli akaamua walimu wa Kiingereza wapimwe. Mudiri, yaani mkuu wa skuli, alituita chumba cha walimu akatuambia kuwa watakuja watahini wawili kutoka nje. Watapima mambo mawili: kwanza mwalimu anaijua vipi lugha yenyewe, kwa mtihani wa kuandika, pili anasomesha vipi, kwa somo moja watakalokaa kulitazama. Atakayeshindwa lolote kati ya hayo hatoingia darasani tena. Hafidh alikuwa kijana, ana shahada, angepata kazi kwengine. Bi Zuwena alishauliza kazi skuli nyengine, na kote waliitazama ile karatasi ya rangi ya chai wakamrejeshea kwa mikono miwili. Kwake lile lilikuwa darasa la mwisho, na sote tulilijua hilo.

Mtihani wa kuandika ulifanywa Jumamosi, maktabani. Wote wawili walifaulu, na Bi Zuwena alimpita Hafidh kwa mbali. Yule mtahini mwanamme, mrefu, mwenye suti ya kijivu, alimwambia kwa Kiingereza kuwa ameisoma insha yake mara mbili kwa kuipenda. Bi Zuwena akashukuru, akaenda kusahihisha madaftari.

Sasa nikueleze mchezo wetu wa skuli, kwa sababu bila ya huo hutofahamu. Tukiuita kuazimana. Siku ya kukaguliwa, mwalimu huwatoa wale watoto wazito, akawapeleka darasa la mwenzake mpaka wakaguzi waishe. Zamu ya mwenzake ikifika, naye huleta wake. Wale watoto hubeba viti vyao wenyewe, wakapita navyo barazani, miguu ya kiti juu, mmoja nyuma ya mwengine. Hapakuwa na aliyewaambia kwa nini. Hapakuwa na haja ya kuwaambia.

Bi Zuwena hakuwahi kuwaazimisha wake. Lakini wa wenzake alikuwa akiwapokea. Nilimuuliza mara moja kwa nini anakubali. Akanijibu, "Bora waje kwangu kuliko kupelekwa uwanjani juani. Hapa angalau wanakaa."

Siku ya masomo, Hafidh alipangiwa mwanzo, Bi Zuwena baada ya mapumziko. Asubuhi, kabla ya kengele, Bi Zuwena alimtania.

"Mwalimu Hafidh, watoto umeshawafundisha mzaha wako wa leo wauchekee wapi?"

"Tangu juzi, Bi Zuwena. Jana waliucheka kabla sijaumaliza."

Tukacheka sote. Kisha wale wazito wa Hafidh wakaja na viti vyao darasani kwa Bi Zuwena, wakakaa safu ya nyuma karibu yangu. Mmoja aliitwa Yaqub, mtoto wa miaka kumi na tatu, mwembamba, mikono mirefu kuliko mikono ya shati. Kwa Hafidh nilikuwa sijapata kumsikia akitamka neno la Kiingereza hata moja.

Watahini walimaliza kwa Hafidh mapema. Yule mrefu alikuwa na miadi mjini, akamwambia mudiri hawatongoja mapumziko, waende kwa Bi Zuwena sasa hivi. Mlango ukafunguliwa, wakaingia pamoja na mudiri, wakavuta viti wakakaa. Watoto wa Hafidh walikuwa wamo ndani.

Nilimtazama Bi Zuwena. Nilijua atafanya nini, au nilidhani najua: atawaambia kwa upole warejee kwao. Neno moja lingetosha. Yeye aliwatazama, akawatazama na wageni, akaendelea na somo.

Somo lilikuwa juu ya jikoni. Kila mtoto aseme kwa Kiingereza kitu kinachopikwa kwao, nani anakipika na lini. Watoto wa mbele walisema vizuri. Kisha akamwita Yaqub.

Yaqub akasimama, akanyamaza. Bi Zuwena akangoja. Darasa likangoja, kwa sababu walizoea. Mtahini akatazama saa, akaandika. Bi Zuwena hakumsaidia Yaqub wala hakumkalisha. Alisimama tu amemuelekea, kama mtu anayemfungulia mlango mgeni aliyebeba vitu. Dakika zilipita, na sikuona jinsi somo lile litakavyomalizika kama lilivyopangwa.

Mwisho Yaqub alisema, kwa Kiingereza chake kilichokwama hapa na pale, kwamba mama yake hukaanga vitumbua siku ya Ijumaa, na cha kwanza humpa yeye.

Bi Zuwena akamuuliza, kwa Kiingereza, "Na cha pili?"

"Pia mimi," akasema Yaqub, na darasa likacheka, na yeye akacheka. Ndiyo mara pekee niliyomuona akicheka pale skuli.

Kengele ikalia. Nusu ya somo haikufikiwa. Yule mtahini mrefu akainuka, akamwambia Bi Zuwena mbele ya watoto kuwa darasa hili liko chini sana ya lile la jirani, na kwamba amepoteza wakati mwingi kwa mtoto mmoja.

Hapo mimi nikasimama. Mwanangu, nilikuwa nimechemka. Kiingereza kilinikimbia, nikasema kwa Kiarabu, lugha ambayo kila mtoto mle ndani aliifahamu kuliko zote. Nikanyoosha mkono kuelekea safu ya nyuma.

"Hawa si wake. Hawa ndio wasiofaa wa darasa la jirani, wameletwa huku kufichwa. Msimhesabie yeye."

Yaqub alikuwa bado amesimama. Akakaa.

Mtahini, lazima nimtendee haki, alishtuka. Akamuuliza mudiri, na mudiri akatazama viatu vyake, na hilo likatosha kuwa jawabu. Akamgeukia Bi Zuwena, akamwambia kuwa kama ni hivyo atampa somo jengine kesho, na watoto wake tu. Mimi moyo wangu ukaruka. Nikajiona nimemuokoa.

Bi Zuwena akasema, "Darasa umeshaliona. Hawa ndio niliowasomesha leo."

"Lakini hawa si wanafunzi wako."

"Walikuwemo."

Watahini walipoondoka na watoto walipotoka, nilimfuata barazani. Nilitegemea ahsante, nisikufiche. Alikuwa anatembea haraka, buibui limemjaa upepo. Akasimama.

"Nani kakutuma?"

"Wanakudhulumu, Bi Zuwena. Nimeshindwa kunyamaza."

"Wananidhulumu mimi. Mimi mtu mzima, nna mdomo, ningetaka kusema ningesema. Mimi nikishindwa leo, nakwenda zangu nyumbani Khuwair, nakunywa chai na mume wangu, nalia, khalas. Wale watoto walikuwa wanabeba viti, lakini jina hapana aliyewapa. Leo umewapa jina."

"Sikuwakusudia wao."

"Najua. Hukuwaona kabisa. Ulikuwa unaniona mimi."

Nikamsihi. Nikamwambia akubali lile somo la kesho, atafaulu, kila mtu anajua atafaulu, halafu atabaki skuli, awe anawapokea hao hao watoto, atawatengeneza. Nilimwambia asiliachie darasa kwa sababu ya neno moja lililonitoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akimngoja mtoto.

"Nikikubali," akasema, "nimelitilia saini neno lako. Nimesema ni kweli wale hawahesabiwi. Sasa wewe niambie, kesho Yaqub nitamtazama vipi?"

Jawabu la hilo nimelitafuta katika nchi nne, mpaka leo silijui.

Hafidh alikuja chumba cha walimu, uso umemshuka. "Wallahi Bi Zuwena, nilidhani utawarejesha."

"Walikuwa wameshakaa, mwanangu," akamjibu, akamsogezea sahani ya sambusa.

Alifeli. Hafidh akafaulu yote mawili, akafanywa mkuu wa Kiingereza. Bi Zuwena aliwekwa maktabani kupiga mihuri vitabu. Watoto walipokuwa wakipita walimsalimia dirishani, "Sabahal khair, Abla," naye akiwajibu kwa Kiingereza. Muhula ulipokwisha akaaga. Mimi niliondoka kabla yake. Nilijiambia naondoka kwa uchungu wa dhulma, na watu wengi nimewahadithia hivyo. Kweli ni kwamba sikuweza kupita baraza ile nikakutana na viti vile. Na kuazimana kuliendelea. Mtihani mzima ule, na watahini wake na karatasi zake, haukuondoa hata kiti kimoja njiani.

Miaka ikapita. Nilirejea Maskati mwisho mwisho wa miaka ile ya elfu mbili, nikawa nafuatilia kibali changu cha kazi katika ofisi moja Khuwair ya Kusini. Kijana aliyekuwa kaunta alikuwa anazungumza na Mhindi aliyekuwa mbele yangu kwa Kiingereza kisichokwama. Alipofika kwangu, akasoma jina, akanitazama.

"Ustadh, wewe si ulikuwa skuli Darsait?"

Nikaitazama ile mikono mirefu, nikamjua. Nikamuuliza kama anamkumbuka Bi Zuwena.

"Abla Zuwena, Allah amrehemu," akasema. "Nilikwenda maziko."

Mimi hata sikujua kuwa amefariki. Nikamuuliza kama anakumbuka alichokisema siku ile ya watahini, juu ya mama yake. Akafikiri kidogo, akatikisa kichwa. Vitumbua havikumo tena kichwani mwake. Lile ambalo Bi Zuwena alilitolea darasa lake lote, mwenyewe halikumbuki.

"Nnalokumbuka ni lako," akasema. Hakuwa na hasira, alikuwa anapanga karatasi zangu. "Ulikuwa unamtetea Abla. Nilikuja kulifahamu hilo nilipokuwa mkubwa. Lakini siku ile nilikuwa na miaka kumi na tatu."

Nikamuomba radhi. Akasema, "Yameshapita, Ustadh." Kisha akaziweka karatasi zangu chini ya zilizotangulia kungoja saini, akaona kuwa viti vyote vya wanaongoja vimejaa na mimi nimesimama, akaingia ndani, akatoka na kiti amekibeba mwenyewe, akakiweka nyuma yangu. "Kaa," akasema. "Zamu yako bado."

Nikakaa, mwanangu. Sikumbuki nilikaa muda gani.

Haya basi. Utakapoingia darasani na kalamu yako, kabla hujaandika lolote uliza nani hayumo, na kiti chake kimekwenda wapi. Walimu wanaojua lugha utawajua kwa karatasi, hilo jepesi. Lakini ukimkuta mwalimu amesimama kimya anamngoja mtoto, usitazame saa, ngoja na wewe, huenda kazi yote aliyoifanya mwaka mzima iko ndani ya kimya kile. Na siku utakapoona dhulma ukataka kuisema, iseme, sikukatazi. Ila geuza shingo kwanza uone ni nani mwengine anayekusikia, kwa sababu yule unayemtetea pengine atakusamehe kabla ya jioni, na yule uliyemkanyaga ukienda kumtetea mwenzake atakuwa mtu mzima bado analo neno lako. Mimi sikugeuza shingo, na aliyelipia ni mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza amecheka.

Nakuombea Mola akupe macho ya kukiona kiti kilichotolewa, na ulimi unaochelewa pale mtoto anaposikia. Akuepushe na haki inayosemwa kwa pupa. Na amrehemu Bi Zuwena, na akujaalie, popote watakapokutuma, umkute mwengine kama yeye bado yumo darasani.