Gazeti la Wakfu

Mashine ya kurudufu haikuwa yangu, wala haikuwa ya mtu yeyote. Mjane mmoja mwenye duka la vitambaa, karibu na msikiti wa Gisenyi, aliinunua kwa ajili ya mji, akaiweka wakfu mbele ya mashahidi: isiuzwe, isirithiwe, isimtajirishe mtu. Mimi, fundi cherehani niliyeshonea barazani kwake, ndiye niliyekabidhiwa. Ilikuwa miaka ya hamsini. Kila Ijumaa tulitoa karatasi moja, kurasa mbili, kwa Kiswahili: bei ya viazi vya Mudende, siku za maboti, ng'ombe aliyepotea Kanzenze, nani kaoa, nani kafa. Watu waliichukua bure.

Wavuvi wa ufukweni, wengi wao Wakristo, hawakuwahi kulisikia neno wakfu. Wao walisikia wafu. "Fundi, leta ile gazeti ya wafu," walisema mchana kweupe, wakicheka, nami nikipandwa na hasira. "Wakfu! Kuna K pale katikati!" Nilijiona msomi siku hizo, ndiyo maana iliniuma.

Karatasi na wino alitoa mama yule yule mjane, kwa sharti moja. Chini ya ukurasa wa pili tuache nafasi ya vidole vinne, tuizungushie mstari, isiandikwe kitu ila habari ya mwanawe. Kijana wake mkubwa alitoka asubuhi moja na mzigo wa vitambaa kwenda kuuza Bugeshi, hakurudi. "Nafasi ikijaa, sitatoa tena," aliniambia waziwazi. "Ninachotaka ni mwanangu. Hayo ya viazi mtajijua wenyewe." Nikakubali bila kufikiri. Gazeti letu lingeishi mradi tu lisiipate habari ambayo lilianzishwa kuitafuta.

Kila Ijumaa asubuhi alikuja kuchukua nakala ya kwanza, wino haujakauka. Hakusoma kitu kingine. Aliweka kidole juu ya ile nafasi nyeupe, akauliza: "Bado?"

"Bado, mama."

Wakati huo nilikuwa nasema kweli.

Siku moja, jua la saa nne, alikuja mchukuzi wa viazi kutoka Bugeshi. Alifungua kifurushi cha majani ya mgomba mezani kwangu, juu ya suruali ya watu niliyokuwa nikiikunja. Ndani mlikuwa na kipande cha koti.

"Mbuzi yangu iliingia mu shimo ya mazuku," alisema. "Nikaivuta na kamba, na hii ikatoka nayo. Chini kule iko mutu, mifupa tu. Nasikia we ni fundi. Hii iko ya nani?"

Mazuku sisi tuliyajua: ile hewa mbaya isiyo na rangi wala harufu, inayolala kwenye mashimo chini ya volkano na kuua chochote kinachoinama humo. Lakini mimi niliutambua ule mshono. Mfuko wa ndani ulikuwa umeshonwa kwa uzi mwekundu, kwa sababu siku ile uzi mweusi uliniishia, na mwenye koti alinitania kwamba nimemtia damu kifuani. Nilimshonea mwenyewe kwa safari ile ya Bugeshi.

Ningevuka kizingiti tu, hatua sita, nimwambie mama. Badala yake nilimwomba mchukuzi alifukie lile shimo kwa mawe na anyamaze. Nilijiambia mji unalihitaji gazeti. Uongo mtupu! Nililihitaji mimi. Njiani watu walinisimamisha kuniuliza habari, mimi niliyeacha shule nikiwa mdogo, na sikutaka kurudi kuwa fundi tu. Kwa ajili hiyo nikamwacha mtoto wa Kiislamu alale porini bila sanda, bila sala.

Ijumaa iliyofuata nakala ya kwanza ilitoka na doa katika ile nafasi, hafifu, ukubwa wa kidole gumba. Nikafuta mashine, nikabadilisha stensili, ile karatasi ya nta inayokatwa herufi. Doa likatoka tena, nakala zote, pale pale. Mama aliligusa, akaangalia kidole chake. Kilikuwa kisafi.

"Bado?"

"Bado, mama."

Misimu miwili ya mvua ikapita hivyo. Mwanamke mmoja muuza samaki aliacha kufungia samaki kwa gazeti letu. Alidai ile pembe ya chini ina baridi. Niliigusa faraghani. Ilikuwa na baridi kweli.

Kisha mama akaugua siku tatu, akafa. Baada ya maziko wosia wake ulisomwa barazani, na mimi nimekaa mkekani pamoja na wenzangu. Kodi yote ya nyumba yake aliiweka wakfu kwa karatasi na wino, daima, nafasi ijae isijae. Sababu aliieleza: msimamizi wa gazeti ni mtu mwaminifu, ambaye hakukubali kamwe kuijaza nafasi ya mwanawe kwa uvumi. Watu waligeuka kunitazama kwa heshima. Nilitamani ardhi inimeze.

Wiki ile niliichapa habari nzima: shimo, koti, uzi mwekundu, na kwamba nilijua. Nilikata stensili kwa mkono mzito, kila herufi ikatoboka, niliiona kwenye mwanga wa dirisha. Nikazungusha mashine. Viazi vikatoka, maboti yakatoka, taarifa ya kifo cha mama ikatoka. Ile nafasi ikatoka nyeupe, hata doa halimo. Nikakata stensili ya pili, ikawa vile vile. Sikuwa na ya tatu, na watu walikuwa wamekwishajipanga nje, nikagawa.

Yule muuza samaki alikuja na beseni lake kichwani, akachukua karatasi, akaitazama chini.

"Pole ya mama, fundi. Na ule mutoto wake, hayarudi bado?"

Hapakuwa na sharti tena, wala mtu wa kumwogopa. Maneno nilikuwa nayo yote kinywani. Yeye alisubiri, maji ya samaki yakimtiririka shingoni.

"Bado, mama," nikasema.