Mizunguko Nisiyoihesabu

Niliondoka Jinja kwa sababu dada yangu alikuwa ameacha kunialika. Mutesi, dada yangu mkubwa, aliolewa Mbale na Mafabi, askari wa magereza, na kwa miaka kumi na moja wote wawili walinisihi niende kuwatembelea. Kila mara nilijibu, "Mwezi ujao." Wanaonijua hapa Nalufenya, mtaa wa Jinja ninapotengeneza pikipiki hatua sita kutoka kitanda changu, hawatashangaa. Mimi nikipita Iganga tu, tumbo linaanza kudai chai ya nyumbani. Mafabi alipofariki nilikuwa na malaria, ya kweli safari hiyo, lakini nani angeniamini? Hata kuzika sikuzika.

Miezi minane baadaye Mutesi alipiga simu. Hakunialika. Alisema, "Kagoda, pikipiki ya Mafabi haiwaki, na Kukhu anaiuliza kila jioni. Fundi wa hapa nimemkataza asiiguse."

Kukhu maana yake bibi. Ndivyo wote nyumbani wanavyomwita mamake Mafabi. Macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, na kwa miaka mingi alikuwa hagusi chakula cha jioni mpaka asikie pikipiki ya mwanawe ikikata kona ya kinu cha posho, unga wa mahindi. "Pikipiki bado?" ndilo lililokuwa swali lake. Baada ya mazishi aliendelea kuliuliza. Hakuwa amesahau, maana udongo alitupa kaburini kwa mkono wake mwenyewe. Alitaka kuisikia mara moja tu.

"Inahitaji kusafishwa kabureta," Mutesi alisema. "Lakini usiibadilishe sauti. Aliiweka yeye."

Nilijua anasema nini. Mafabi alipenda, pikipiki ikiwa imesimama, injini yake ingurume polepole mno, kama mtu anayesinzia kanisani: inainamisha kichwa, unadhani imekwisha, kumbe inashtuka tena. Kila alipokuja Jinja nilimtania, "Shemeji, injini yako inaomba kuzikwa." Naye alicheka, "Njoo Mbale basi uitibu, daktari."

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa barabarani na mfuko wa bisibisi, pete za mpira, plagi mpya na chupa ya chai. Vijana wa bodaboda hawakunihurumia. "Kagoda anahamia Ulaya!" mmoja alipaza sauti. "Umeandika wosia?" Nilipanda lori la kreti tupu za soda. Dereva, Mkenya wa Bungoma, alinitazama nikishikilia mlango kwa mikono miwili tangu tuondoke.

"Bwana, wewe unaenda Mbale au mwezini?"

"Mbale."

"Basi pumua. Mbale iko na hewa."

Saa mbili tulikuwa tumeiacha Iganga na kuingia barabara ya Tirinyi. Huko Namutumba mpunga ulikuwa umesimama majini, wanawake wameinama, maji yakiwafika magotini. Tukavuka kinamasi cha Mpologoma chenye mafunjo pande zote, kisha kwa mbali ukatokea mlima Wanale, mrefu, umekatwa wima kama mkate, na maji yakishuka usoni mwake kwa nyuzi nyembamba nyeupe. Ni mahali pazuri. Mafabi alikuwa ameniambia hivyo, nami nilidhani anasifia kwao kama wanavyosifia wengine.

Saa tatu na nusu kamili lori likasimama Mbale. Nilitazama saa yangu mara mbili nikijua haina kosa. Mwendo wa saa tatu na nusu! Kuna siku nimekaa muda mrefu zaidi ya huo nikisubiri mvua ikatike ndipo niende dukani kununua sabuni.

Nkoma, nyumbani kwao, Mutesi alinipokea mlangoni. Alikuwa amekonda. Hakunilaumu, alichukua mfuko wangu akaniketisha, akaniletea matoke na malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga. Kukhu alikuwa kwenye kiti cha kamba barazani. Mumewe alikuwa mwanajeshi, na Kiswahili chake ni cha kambini, kifupi, kisicho na haya, ambacho "naenda" ni mimi, wewe na yule pia.

"Wewe ndio fundi ya mwezi ujao?" aliniuliza.

"Ndiyo mimi, mama."

"Mwezi imefika. Karibu."

Saa sita mchana nilianza kazi. Pikipiki ilikuwa ukumbini, imefunikwa koti la mvua la Mafabi, na jina lake limeandikwa ndani ya ukosi kwa kalamu ya wino. Nililikunja nikaliweka kitini. Nikafunga bomba la petroli, nikafungua kabureta, nikaitoa. Petroli ya miezi minane ilikuwa imegeuka utomvu wa kijani wenye harufu ya rangi kuukuu. Boya linalopima petroli ndani lilikuwa limeganda, na jeti ndogo, kile kitundu kinachopitisha petroli injini ikiwa imetulia, kilikuwa kimeziba kabisa. Jeti haichokonolewi kwa waya wa chuma, maana ukiipanua umeiua. Mimi hutumia unyasi wa ufagio. Nilichokonoa, nikapuliza kwa mdomo, nikatema, nikapuliza tena hadi nikaiona nuru ya uani kwa upande wa pili. Nilifurahi kweli. Nilikuwa hata nikipiga mluzi.

Mutesi alileta chai. Akasimama akitazama vipande nilivyovipanga juu ya gazeti.

"Ilikuwa mingapi?" aliuliza.

"Mingapi nini?"

"Mizunguko."

Mluzi ulinikatikia mdomoni. Kabla ya kutoa skrubu ya hewa, ile inayoipa injini sauti yake, unaifunga kwanza mpaka mwisho, ukihesabu imezunguka mara ngapi, ili ukiirudisha uiache palepale ilipokuwa. Mwanafunzi wa siku ya kwanza analijua hilo. Lakini bodaboda za Nalufenya hazina mwenyewe anayejali hesabu hiyo. Natupa skrubu zake koponi na kuzirekebisha upya kwa sikio. Mkono wangu ulikuwa umefanya kazi yake ya kila siku. Skrubu zote mbili, ya hewa na ya mwendo, zilikuwa zimelala ndani ya kopo la petroli, safi, ziking'aa, hazisemi kitu.

"Sikuhesabu," nilisema.

Dada yangu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Kila Krismasi alikuwa akiisafisha, mimi namshikia tochi," alisema. "Alihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza tu. Sikuwahi kumuuliza ni mingapi. Nilidhani atakuwepo." Akaweka chai chini akaingia ndani.

Saa kumi nilimaliza kufunga. Nikaisukuma pikipiki uani, nikapiga kiki mara saba, ya nane ikawaka, na Kukhu akasimama kabla hatujamwita. Mutesi alimshika mkono wakaja hadi uani. Niliiacha injini ipate moto, kisha nikaiweka kama ninavyojua: ikapumua vizuri, sawasawa, injini yoyote ingejivunia.

Kukhu alitikisa kichwa. "Hiyo nakimbia. Nakimbia wapi?"

Nikapunguza mwendo.

"Hiyo nalia."

Nikafungua hewa robo mzunguko.

"Hiyo ya polisi."

Mutesi alicheka, kisha akaufunika mdomo kama aliyefanya kosa. "Yake ilikuwa inakawia, Kagoda. Inapiga, inakawia, inapiga."

"Najua inavyokawia! Niliicheka miaka yote, nitaisahauje?"

Lakini kujua sauti na kuitengeneza ni mambo mawili. Niliikaza, nikailegeza, injini ikazima, nikapiga kiki, jasho likaniingia machoni, angalau nikapata la kusingizia. Nadhani nilijaribu zaidi ya mara ishirini. Kuharibu injini nzuri ni rahisi, ila kuiharibu kama alivyoiharibu mtu fulani, kwa kupenda kwake, hakuwezekani. Kisha likanijia jambo ambalo halikunipunguzia kitu: huenda hata ningehesabu isingekuwa ile. Uchafu nao ulikuwa sehemu ya sauti, nami nilikuwa nimeumwaga chini ya mgomba.

"Zima, mwanangu," Kukhu alisema.

"Bado kidogo, mama. Nitaipata."

"Hapana. Wewe nafanya vizuri. Mwenyewe hapana iko."

Nikazima. Alinyoosha mkono, akalitafuta tangi, akaushikilia pale kwa muda, tangi likiwa bado na joto. Kisha akaomba apelekwe ndani.

Jioni chakula kiliandaliwa. Tulisubiri swali, mimi na Mutesi, kila mmoja akitazama sahani yake. Kukhu alinawa mikono, akaomba sala, akala.

Asubuhi ya pili nilipitia kaburini, nikang'oa nyasi kidogo, nikamwambia Mafabi niliyomwambia. Mutesi alinisindikiza hadi barabarani.

"Jana hakuuliza," nilisema. "Labda ni vizuri. Labda sasa atapumzika."

"Labda." Alikuwa akitazama upande wa kona ya kinu. "Lakini mimi nilikuwa nimezoea kuulizwa. Jioni ilikuwa na mtu mwingine anayemngoja."

Nilipanda gari la Iganga. Njia ya kurudi ilikuwa fupi kama ya kwenda, na mara hii ningependa iwe ndefu.

Nilichojifunza hakiwezi kumsaidia Mutesi. Ila sasa kila kabureta inayofika kwangu, hata ya bodaboda iliyochakaa kuliko mimi, kabla ya kutoa skrubu naifunga polepole na kuhesabu kwa sauti, kisha naandika kwa chaki ubavuni mwa tangi: moja na nusu, mbili na robo. Vijana wanacheka, wanauliza kama nimeanza kucheza bahati nasibu. Wanataka niiweke vizuri tu, haraka, waondoke. Nawaambia watulie kwanza. Nyumbani kwenu yuko mtu anayeijua sauti hii.