Mimi Nitakula Mwisho

Mayai ya Nduta yalikuwa yakivunjika njiani kwa sababu gari halikuwa lake. Mara mbili kwa wiki alikusanya trei kwa wafugaji wa kuku wa kijiji cha Kwanza, akazipanga sebuleni kwake Kitale, kisha akakodi pikapu ya kumfikisha Bungoma. Mwenye pikapu hakuwa na sababu ya kuyakwepa mashimo. Wakifika, Nduta alikaa nyuma ya mkahawa wa Rispah akitenga mazima na yaliyopasuka, na kila lililopasuka lilikuwa faida yake inayomwagika mbele ya macho yake.

Kwa hiyo Mzee Osman, jirani yake mwuza vitambaa karibu na msikiti, alipotangaza kwamba anauza Probox yake ahamie Mombasa kwa bintiye, Nduta hakulala vizuri tena.

"Gari hii imebeba vitambaa tu, Mama Wangechi," mzee alimwambia, akilipiga bodi kofi jepesi kama mtu anayemsifu punda wake. "Haijui hata harufu ya gunia la mahindi. Bei ni moja, sitaki unipe leo kidogo na kesho kidogo, maana mimi sitakuwepo. Lakini nitakungojea. Ramadhani ikianza, nataka nifungie Mombasa."

"Usiuzie mtu mwingine, mzee."

"Nimeshasema nitakungojea. Unataka niape kwa ajili ya Probox?"

Akiba yake ilifika nusu ya bei. Nusu ya pili ndiyo iliyomzungusha mjini. Benki walimwomba karatasi ya mshahara, naye hajawahi kulipwa mshahara na mtu yeyote isipokuwa kuku. Ushirika wa akiba walimtaka alete wadhamini wenye hisa, na aliowajua wenye hisa walikuwa tayari wamewadhamini shemeji zao. Kulikuwa na afisi moja ghorofani, juu ya duka la viatu, ambayo haikuuliza mengi. Ilitoa pesa siku hiyohiyo na kushika hati ya gari mpaka umalize. Riba yake, binti yake, Wangechi, alipoipigia hesabu, ilimfanya aiweke simu mezani na kumtazama mama yake.

"Mum, hawa watakumaliza. Si ungoje chama?"

Chama ndicho kilichokuwa tegemeo lake. Kilikuwa cha wanawake wa soko la Bungoma, na Rispah, mwenye mkahawa, alikuwa mwenyekiti. Yeye ndiye aliyemwingiza Nduta, Mkikuyu pekee kati yao, akisema mtu anayewaletea mayai hawezi kuwa mgeni milele. Kila mwezi walichanga, na kila mwezi mmoja wao alikula, maana ndivyo walivyosema: fulani anakula Machi, fulani anakula Aprili. Fungu hilo halikuwa na riba, wala hati, wala mdhamini. Mwaka uliotangulia walikuwa wameelewana kwa maneno tu, mwenye haja akasema haja yake. Nduta aliamini itakuwa hivyo tena. Kwenye mkutano wa mwisho ndipo walipobadilisha mambo, lakini yeye aliondoka mapema kwa sababu mwenye pikapu alikuwa anapiga honi.

Sasa, kuhusu ulimi wa Rispah.

Rispah alizichanganya l na r kama watu wengi wa kwao. Alisema "kalibu", akasema "reta mayai", na chakula kikiiva aliwaita wateja, "Njooni mkure!" Nduta aliipenda sana hiyo. Jioni, akirudi Kitale, alimwigiza mbele ya Wangechi, mikono kiunoni, "Njooni mkure!", wakacheka mpaka chai ikapoa. Mara nyingine alimwigiza palepale mkahawani, mbele ya wateja, naye Rispah akacheka pamoja nao. Nduta alizaliwa Kitale, akasoma na watoto wa Waislamu wa mjini, akajisifia Kiswahili chake. Alisahau kwamba marehemu mama yake, hadi anakufa, aliita lori "rori".

Siku moja, simu yake ya kabambe, ile ndogo ya vitufe, ililia akiwa anapanga trei.

"Mama Wangechi," Rispah alisema, polepole kuliko kawaida yake, "Jumamosi kuna kura hapa kwangu. Usikose."

Nduta alitabasamu peke yake. Kuna kula. Rispah ameweka karamu, labda ni ya kijana wake Wakoli aliyemaliza chuo. Lakini Jumamosi alikuwa amepatana na Mzee Osman wapeleke Probox kwa fundi wa Moi's Bridge aliyeijua tangu zamani, aikague.

"Aki Mama Wakoli, Jumamosi siko. Naenda kuangaliziwa gari. Nyinyi kuleni tu."

Rispah aliuliza kama mtu asiyeamini.

"Tukule tu? Bila wewe?"

"Kuleni bana! Mimi nitakula mwisho. Mnibakizie."

"Una hakika, mama?"

"Hakika kabisa. Si ninyi ni dada zangu? Sina haraka."

"Haya," Rispah alisema, na sauti yake ilikuwa na heshima ambayo Nduta hakuielewa. "Nitawaambia hivyo."

Jumamosi ile ilikuwa siku nzuri kuliko zote za mwaka huo. Fundi aliingia chini ya gari, akatoka akipangusa mikono, akasema injini ni safi, abadilishe tu springi za nyuma. Kurudi Kitale Mzee Osman alimwachia Nduta usukani, maana leseni alikuwa nayo siku nyingi, alichokosa ni gari. Aliendesha huku trei moja ya mayai, aliyoibeba makusudi kwa majaribio, ikiwa kwenye kiti cha nyuma. Walipofika hakuna lililopasuka. "Umeona?" mzee alimwambia. "Hata mayai yamekujua."

Jumanne alipeleka mzigo Bungoma. Wanawake wa chama walimpokea kwa mikono miwili. Mmoja alimkumbatia akasema hajaona moyo kama wake, kujitoa kwenye kura na kuwaachia wenzake watangulie. Nduta alishika trei akasimama. Kura. Walikuwa wameandika namba kwenye vipande vya karatasi, wakavichanganya ndani ya sufuria ya Rispah, kila mmoja akachukua chake. Chake hakikuwekwa, kwa kuwa alikwisha kusema mwenyewe. Angekula Desemba.

Rispah alikuwa jikoni, anakaanga. Hatua chache tu. Nduta angeweza kuingia akasema: nilikusikia vibaya. Lakini Rispah angeuliza, ulisikia nini? Na jibu la swali hilo lingefungua kicheko chote cha zile jioni za Kitale. Alitazama mgongo wa mwenzake uliozingirwa na moshi wa mafuta, akaweka trei chini, akasema, "Asanteni, dada zangu."

Wiki iliyofuata alipanda ngazi za ile afisi iliyo juu ya duka la viatu. Wangechi alikataa kwenda naye.

Kwa miezi michache ilikuwa kama ndoto. Probox ilikwenda na kurudi, mayai yakafika mazima, wateja wakaongezeka. Kisha mayai ya bei rahisi yakajaa sokoni kutoka ng'ambo ya mpaka, na bei ikaanguka mpaka chini ya gharama ya chakula cha kuku. Afisi ile haikujali mambo ya kuku. Alichelewesha malipo ya mwezi mmoja, wakamtoza faini. Akachelewesha wa pili, wakaacha kupiga simu, na kimya chao kilimwogopesha kuliko simu zao.

Walimkuta Bungoma, mbele ya mkahawa wa Rispah, adhuhuri, watu wakila. Vijana wawili wa ile afisi, wenye adabu. Mmoja alimwonyesha barua, mwingine akafungua mlango wa nyuma.

"Mathe, tunashusha mayai yako kwanza. Hatutaki kuyavunja."

Kweli hawakuvunja hata moja. Walizipanga trei kwenye baraza, moja juu ya nyingine, wakaondoka na gari taratibu, wakaweka hata taa ya kukata kona.

Rispah alitoka na kikombe cha chai, akakiweka mkononi mwa Nduta, akaketi kando yake kwenye ngazi.

"Mimi sijaelewa kitu," alisema. "Mtu anajitoa kwenye kura, anasema hana haraka, halafu anaenda kwa wale wa kushika hati. Mbona hukuniambia una shida? Namba moja niliokota mimi. Nilinunua tangi la maji. Tangi si lingengoja? Ni tangi tu, Mama Wangechi. Mvua ilikuwa bado."

Nduta alikunywa chai. Ilikuwa moto mno, lakini akaimeza.

"Niliona haya."

"Haya ya nini, na mimi ni dada yako?"

"Nilidhani umesema kula. Karamu. Kwa vile wewe huwa..."

Rispah alianza kucheka. Alicheka kwa tumbo, kama alivyocheka siku zote, akampiga Nduta bega, "Uwii, ati karamu!" Kisha kicheko kikapungua, kikaisha, akawa anaitazama barabara ambako gari lilipotelea.

"Kumbe," alisema. "Na mimi hiyo r niliifanyia mazoezi kabla sijakupigia. Wakoli alinisaidia. Kura, kura, kura, mpaka akachoka. Nilisema, leo Mama Wangechi asipate cha kucheka."

Nduta aliinama juu ya kikombe. Mle ndani ya mkahawa mtu aliitisha chumvi. Kile Kiswahili chake safi hakikumsaidia kitu.

Rispah aliinuka, akajipangusa kwa leso, akaanza kuingiza trei ndani kabla jua halijazifikia. Aliziinua moja moja, akizikagua kama desturi yao ilivyokuwa, kwa kidole, safu kwa safu. Alipofika ya mwisho alisimama mlangoni.

"Hakuna lililopasuka," alisema, taratibu, kila l mahali pake.